Mashine ya kupumulia kambini: jibu kwa msomaji anayekwenda kuwinda Colorado

Swali: "Mdogo wangu mtaalamu, mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Iringa, nina miaka 54 na ninaishi Minnesota. Miaka mitatu iliyopita nilipimwa usingizi nikaambiwa pumzi yangu inakatika mara 38 kwa saa, na tangu hapo ninalala na mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kooni kupitia barakoa, kwa shinikizo la 11. Mwezi wa Oktoba wenzangu wa kazini wamenialika kuwinda elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, katika milima ya Colorado. Tutakwenda kwa gari, tutalala siku tano katika hema, kambi iko karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na umeme hakuna. Mmoja wao ananishauri niiache mashine nyumbani, kwamba siku tano haziui mtu. Mke wangu hataki hata kulisikia jambo hilo. Kusema kweli naona pia haya kulala nimevaa barakoa mbele ya watu. Je, niiache? Na kama nitaibeba, nitaiendeshaje?"

Shikamoo, kaka. Nianze na jibu lenyewe: usiiache mashine nyumbani. Ungeniuliza kuhusu siku tano za kulala kwa shemeji yako mjini bado ningekuambia uibebe, lakini kwa siku tano za hema katika mita 3,000 ninalisema kwa uzito zaidi, kwa sababu huko juu mwili wako utaihitaji kuliko unavyoihitaji kitandani kwako. Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa tiba ya upumuaji, kazi yangu ni ya usiku katika maabara ya kupima usingizi, na kwa misimu kadhaa nimewinda elki katika milima hiyo hiyo unayoiendea. Nitakueleza ninayoyajua kwa pande zote mbili, na penye dawa nitakurudisha kwa daktari wako.

Hiyo namba 38 uliyopewa ndiyo msingi wa kila kitu. Pumzi kukatika au kupungua chini ya mara 5 kwa saa huhesabiwa kuwa kawaida. Kutoka 5 hadi 15 tatizo ni hafifu, kutoka 15 hadi 30 ni la wastani, na likivuka 30 ni kali. Lako ni kali. Tena kila tukio linalohesabiwa sharti lidumu sekunde 10 au zaidi, na kwa watu wenye namba kama yako mengi hudumu zaidi ya hapo. Ninayaona matukio hayo kila usiku kwenye kioo cha kompyuta: kifua na tumbo vinahangaika, kimoja kikipanda kingine kinashuka, lakini mstari wa hewa ya puani umenyooka kama uzi. Zinapita sekunde 20, zinapita 30. Kipimo cha oksijeni kilichokuwa asilimia 95 kinaanza kuteremka, 91, 88, 84, kisha ubongo unashtuka, mtu anavuta hewa kwa kishindo, moyo unakwenda mbio, na ndani ya nusu dakika amelala tena bila kukumbuka lolote. Kule kwetu tumezoea kusema kwamba anayekoroma amelala fofofo kwa sababu ameshiba na amechoka. Ningependa kila anayesema hivyo akae nami usiku mmoja mbele ya kioo hicho.

Mashine unayoitumia haikuponyi. Inalizuia koo lisijifunge kwa kusukuma hewa ndani yake muda wote unapolala. Ndivyo ilivyokuwa tangu Colin Sullivan alipoijaribu kwa mara ya kwanza mjini Sydney mwaka 1980 na kuchapisha matokeo mwaka uliofuata, na ndivyo ilivyo hadi leo. Maana yake ni kwamba usingizi mzuri wa miaka mitatu hauweki akiba. Ukiivua barakoa leo, koo linajifunga leo leo usiku. Rafiki yako anaposema siku tano haziui, huenda anafikiria ugonjwa huu kama dawa ya presha ambayo mtu akikosa kidonge kimoja hahisi kitu. Huu unarudi usiku wa kwanza, na asubuhi yake utakuwa umeshika bunduki.

Tuje kwenye mwinuko, ambao hukuuliza lakini ndio unaonishughulisha zaidi. Katika mita 3,000 mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 70 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja. Ukitaka kupafananisha na nyumbani, kibanda cha Mandara kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro kiko mita 2,720. Kambi yenu iko juu ya hapo. Mtu mwenye afya anaweza kulala huko oksijeni yake ikiwa chini kuliko kawaida hata kama hajakoroma mara moja. Sasa weka juu ya hali hiyo koo linalojifunga mara 38 kwa saa. Aliyeanzia 95 ana nafasi ya kushuka. Aliyeanzia 87 hana.

Kuna na jambo la pili kuhusu mwinuko. Mwili ukikosa oksijeni hupumua kwa kasi, na kasi hiyo huondoa hewa ya kaboni dioksidi kupita kiasi. Ubongo hutumia hewa hiyo hiyo kama ishara ya kuamuru pumzi, basi ishara ikipungua, amri nayo inasita kwa sekunde kadhaa, halafu inarudi kwa nguvu. Utaona mtu anapumua kwa mawimbi: pumzi zinakua, zinafifia, zinakoma, zinaanza tena. Kukatika kwa namna hii hakutoki kooni, kunatoka kwenye amri yenyewe, na mashine ya kawaida ya CPAP haina uwezo mkubwa juu yake. Ninakueleza mapema ili asubuhi ya kwanza, mashine itakapokuonyesha pumzi imekatika mara 9 au 12 kwa saa badala ya 2 uliyoizoea, usidhani imeharibika na kuizima, wala usiongeze shinikizo kwa mkono wako mwenyewe. Kukatika kunakotoka kooni mashine bado inakuzuia.

Hili lina tiba ya kujadili na daktari. Utafiti uliofanywa Uswisi na kuchapishwa mwaka 2012 ulichukua wagonjwa wa tatizo kama lako wanaoishi mahali pa chini na kuwalaza milimani hadi mita 2,590, wote wakiwa na mashine. Waliopewa pamoja nayo dawa iitwayo asetazolamidi walipumua vizuri zaidi usiku na oksijeni yao ilikuwa juu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwulize daktari wako kuhusu dawa hiyo angalau mwezi mmoja kabla ya safari, umweleze kama una mzio wa dawa za salfa, maana ni za ukoo mmoja, na umweleze hali ya moyo na figo zako. Hukuniambia kama una presha. Wengi wenye namba 38 wanayo, na mtu wa miaka 54 anayeishi katika tambarare za Minnesota asipande kubeba paja la elki, ambalo likiwa na mfupa wake linaweza kufika kilo 30 na zaidi, bila moyo wake kuangaliwa kwanza.

Vilevile soma kijitabu cha mashine yako ukitafute kikomo cha mwinuko. Mashine za kisasa hujirekebisha zenyewe kulingana na hewa ya mahali, lakini kwa nyingi mtengenezaji huweka mpaka wa mita 2,500 hadi 3,000 hivi. Ikivuka hapo haizimiki, ila usahihi wa shinikizo hauna dhamana tena. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya mwili wako pia, ninakuomba uwaambie wenzako walale usiku mmoja Denver, ambako ni mita 1,600, kabla ya kupanda. Na kama kambi inaweza kupigwa mita 300 chini ya pale walipokusudia, ipigwe hapo, muwe mnapanda kuwinda mchana na kushuka kulala. Wawindaji hawapendi kusikia hivyo kwa sababu elki wako juu alfajiri, lakini saa moja ya kutembea gizani ni bei ndogo.

Sasa umeme. Watu hukata tamaa wanapoisoma adapta ya mashine na kuona imeandikwa wati 65 au 90. Hicho ni kiwango cha juu ambacho adapta inaweza kutoa, nacho ni tofauti kabisa na kile ambacho mashine inakula. Anayekula umeme hasa ni joto: lile bamba linalochemsha maji ya unyevu na ule mpira wenye waya wa joto ndani. Mashine yenyewe, yaani feni na kompyuta yake, kwa shinikizo kama lako hutumia wati 6 hadi 15 tu. Ukiwasha joto la maji na la mpira unaweza kufika wati 40, 50 au kuzidi, hasa katika baridi, kwa kuwa kifaa kinahangaika kufikia joto ulilokiamuru. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ni kuzima joto lote na kuondoa maji. Uamuzi huo mmoja unapunguza betri unayoihitaji kwa robo tatu au zaidi.

Tupige hesabu yako. Chukua wati 10 mara saa 7 za usingizi: ni wati-saa 70 kwa usiku. Ongeza sehemu inayopotea kwenye nyaya na kigeuzi, na sehemu ambayo baridi itaifinya betri, tuseme tufike 100 ili tusijidanganye. Kwa siku tano ni wati-saa 500. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma yenye volti 12.8 na ampea-saa 50 ina wati-saa 640, na uzito wake ni kama kilo 6. Inakutosha siku zote tano bila kuichaji. Ukitaka betri ya zamani ya risasi na tindikali utahitaji ya ampea-saa 100, kwa sababu haifai kuishusha chini ya nusu, nayo itakaribia kilo 30. Na ukikataa kuachana na joto la maji, hesabu hiyo hiyo kwa wati 45 inakupeleka zaidi ya wati-saa 1,500 kabla hujaongeza chochote cha tahadhari. Usiniamini mimi wala mtu yeyote kuhusu wati za mashine yako: nunua kile kipimo kidogo kinachochomekwa ukutani kati ya soketi na adapta, lala nacho siku tatu ukiwa umezima joto, na usome alfajiri. Utakuwa na namba yako mwenyewe.

Jambo jingine linalowaponza wengi ni namna ya kuunganisha. Yale masanduku ya betri yenye soketi za ukutani ubavuni, yanayouzwa kwa ajili ya kambi, yana inveta ndani yake inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, na inveta hiyo ikiwa imewashwa tu, bila kuendesha kitu, inaweza kula wati 10, yaani sawa na mashine yako nzima. Halafu adapta yako inaugeuza umeme ule kurudi ulivyokuwa. Unalipa mara mbili. Tumia badala yake waya wa moja kwa moja unaotengenezwa kwa mashine yako na unaochomekwa kwenye tundu la volti 12 kama lile la gari. Angalia volti: mashine za ResMed kwa mfano hutaka volti 24, hivyo waya wake una kisanduku cha kupandisha katikati, na kuchomeka waya wa kubahatisha kunaweza kuunguza kifaa. Tena baadhi ya masanduku hayo hujizima yenyewe yakiona mzigo ni mdogo mno, yakidhani umesahau kuyafunga. Mtu analala saa nne, saa nane usiku anaamka anakosa hewa ndani ya barakoa iliyo kimya. Tafuta kwenye mipangilio namna ya kuondoa tabia hiyo, na uithibitishe nyumbani.

Nimeshuhudia kwa macho yangu matokeo ya kutothibitisha. Mwenzetu mmoja alikuja kambini na betri nzuri, akalala usiku wa kwanza vizuri. Usiku wa pili, mnamo saa tisa, niliamshwa na sauti ya zipu. Nikamkuta ameketi mlangoni mwa hema, blanketi mabegani, barakoa mkononi, mpira wa hewa ukining'inia magotini pake. Alikuwa ameacha joto la maji limewashwa kama kawaida yake ya nyumbani, na siku mbili zilitosha kumaliza betri ya siku sita. Hakulala tena hadi asubuhi, kwa sababu aliogopa kulala. Mchana wake tulimwacha kambini, na lilikuwa jambo jema tulilolifanya, kwani alisinzia akiwa ameketi kwenye kiti na kikombe cha chai kikiwa mkononi.

Usitegemee betri ya pikapu inayowasha injini. Asubuhi gari lisipowaka mtakuwa na shida mbili. Paneli ya sola ya wati 100 inaweza kusaidia, lakini mwisho wa Oktoba jua ni fupi, miti ni mirefu na theluji inaweza kuanguka wakati wowote. Ihesabu kama nyongeza, betri ibaki kuwa tegemeo. Jenereta sitaki kuizungumzia sana, maana kelele zake zinaudhi kambi nzima, na moshi wake ni hatari nitakayoieleza hapo chini. Kama baadaye utaamua kwenda kwa ndege, ujue betri za lithiamu za akiba hubebwa ndani ya ndege tu, hazipakiwi chini kwenye mizigo: hadi wati-saa 100 bila ruhusa, kati ya 100 na 160 kwa ruhusa ya shirika na zisizidi mbili, na juu ya hapo haziruhusiwi kwa abiria. Ile ya 640 ni ya gari.

Baridi nayo ina mambo yake. Vijitabu vingi huandika kwamba mashine ifanye kazi katika nyuzi 5 hadi 35 za Selsiasi, na usiku wa Oktoba katika mita 3,000 unaweza kushuka chini ya sifuri bila taabu. Iweke juu ya sanduku, isiguse ardhi, uizungushie koti au sweta lakini uache wazi kabisa mahali inapovuta hewa. Mpira wa hewa upitishe chini ya mfuko wa kulalia, ubavuni mwako, utokee shingoni; joto la mwili wako litaipasha hewa kabla haijafika puani, na umande hautajikusanya ndani ya mpira na kukudondokea usoni usiku wa manane. Barakoa ilale nawe ndani ya mfuko jioni kabla hujaivaa, kwa maana silikoni ikipoa hukakamaa na kuvujisha. Betri iweke katika lile boksi la barafu mlilolibeba kwa ajili ya nyama, likiwa tupu, uifunike kwa blanketi na kutoa waya pembeni. Betri ya lithiamu katika baridi hutoa kidogo kuliko kawaida, lakini inaendelea kutoa; kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri ndiko kunakoiharibu moja kwa moja, basi kama mtatumia sola au gari, ipashe kwanza.

Bila maji ya unyevu pua yako itakauka, hilo sitakuficha. Dawa ya maji ya chumvi ya kupuliza puani jioni na usiku inasaidia sana. Ziko pia sponji ndogo za kunasa unyevu wa pumzi na kuurudisha unapovuta hewa. Zinapachikwa kati ya mpira na barakoa, lakini si kila barakoa inazipokea, kwa hiyo uliza duka lililokuuzia. Zile dawa za kuzibua pua zinazopulizwa usizivushe siku tatu, zitakuzibia zaidi, na vidonge vya kuzibua pua vinapandisha presha. Ndevu nazo zinavujisha hewa: wenzako watafuga za msimu, wewe nyoa. Jioni upanguse mafuta usoni kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, kwa kuwa mafuta na moshi wa kuni vinaitelezesha barakoa.

Hapa nikuombe unisikilize kwa makini. Hema lenu litakuwa na jiko la kuni au hita ya gesi. Kila mtu aliyekulia kwetu anajua habari ya familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi, wakafunga madirisha, na asubuhi majirani wakavunja mlango. Hewa iliyowaua, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na mashine yako haiichuji. Kile kichujio cheupe kilicho nyuma yake kinazuia vumbi tu. Mashine inachukua hewa ya hema kama ilivyo na kuisukuma hadi ndani ya mapafu yako, na mtu ambaye damu yake tayari ina oksijeni pungufu kwa ajili ya mwinuko hana akiba ya kupambana nayo. Nunua king'ora cha kaboni monoksidi kinachotumia betri, kining'inize kwenye usawa wa vichwa vyenu mnapolala, acheni matundu ya hewa wazi juu na chini, na hita ya gesi izimwe kabla ya kulala. Jenereta, ikiwapo, isikae karibu na hema kwa chini ya mita 6, na moshi wake uelekezwe kando. Kama wenzako watakataa kuacha tundu wazi kwa sababu ya baridi, lala ndani ya pikapu ukiwa umezima injini na umeshusha kioo kidogo. Ninamaanisha hivyo hasa.

Pombe ya jioni kambini hulegeza misuli ya koo, na huko juu inapunguza hata ule msukumo wa kupumua. Vidonge vya usingizi na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni hufanya hivyo hivyo. Sikuhukumu, ila siku hizo tano uwe mnywaji wa chai.

Kuhusu haya uliyoitaja, ninaielewa. Mtu mgeni, tena wa miaka yako, hataki kuwa yeye peke yake mwenye kifaa usoni kati ya watu waliokulia katika uwindaji tangu utotoni. Lakini nimelala katika kambi ya wanaume sita ambamo watatu tulikuta wana mashine, na wa nne alituuliza maswali mengi hadi nikamwandikia namba ya kliniki. Sauti ya mashine ni ndogo kuliko pumzi ya mtu aliyelala. Kinachowanyima watu usingizi ni mkoromo wako ukiwa huna mashine. Waambie kabla ya safari, kwa sentensi moja, wala usingoje giza liingie ndipo uanze kuitoa kwa kujificha. Na mmoja wao, yule unayemwamini zaidi, mwoneshe jinsi barakoa inavyovaliwa na mahali betri ilipo, na umwambie maneno haya: ukinikuta asubuhi ninahema nikiwa nimeketi tu, ninakohoa povu, au ninazungumza kama mlevi, usiniache nilale, nishushe chini siku hiyo hiyo. Hizo ni dalili za maji kujaa kwenye mapafu au ubongo kuvimba kwa ajili ya mwinuko, na dawa yake ya kwanza ni kushuka.

Uwe pia na njia ya akiba kama mashine itagoma. Usiazime ya mtu mwingine, shinikizo lake si lako; na ukipewa ya zamani ya kubeba kama ziada, hakikisha haimo katika mashine za Philips zilizorudishwa kiwandani kuanzia Juni 2021 kwa sababu ya sponji ya ndani iliyokuwa ikimomonyoka. Njia ya akiba iliyo bora ni kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele, kinachotengenezwa na daktari wa meno; kwa ukali wa tatizo lako hakitoshi peke yake, lakini kwa usiku mmoja wa dharura ni bora kuliko kukosa vyote, mradi umekizoea nyumbani kwa wiki kadhaa. Bila hicho, lala ubavu, shona au ufunge soksi yenye mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana ili usigeuke chali, inua mabega na kichwa pamoja kwa kutumia mkoba, na kesho yake usishike bunduki. Ikigoma usiku wa pili, shuka.

Mwishoni mwa wiki hii chukua mashine na betri yako, zima joto la maji, ulale gereji au kwenye baraza ya nyuma ya nyumba ndani ya mfuko wa kulalia, mpira ukiwa umepita ubavuni, na urudie siku mbili mfululizo bila kuichaji betri. Mke wako akikuona umelala huko atajua kwamba safari hii umeipanga, na huenda akalegea. Kisha ubakize swali moja la kujiuliza kila asubuhi huko kambini, na hasa asubuhi ya mwisho, mtakapokuwa mmepakia nyama na mnakabiliwa na zaidi ya kilomita 1,400 za kurudi Minnesota: mashine inaonyesha nimelala nayo kwa muda wa saa ngapi? Mwenye tatizo hili asiyetibiwa yuko katika hatari ya ajali ya barabarani takriban mara mbili au zaidi ya mtu mwingine, na ajali hizo hutokea kwenye barabara ndefu zilizonyooka kama zile za Nebraska. Ikiwa namba ni chini ya saa nne, mpe mwenzako ufunguo, ukae nyuma.